Tumekuja Sita Kijamvi

Taulo zinazorudi kutoka kisiwa cha Kijamvi zina mchanga wake. Si ule wa Diani, unaokung'utwa mara mbili ukaisha. Huu ni laini kama unga wa ngano. Hujificha ndani ya nyuzi, na ukishaingia kwenye mashine ya kufulia utaukuta hata kwenye shuka za watu ambao hawajapanda boti maishani mwao. Mwanaima aliukung'uta kwa miaka kumi na mmoja, nyuma ya hoteli moja ya Diani, kila jioni wageni waliporudi matembezini. Kwa miaka yote hiyo alikijua kisiwa kwa mchanga tu.

Ijumaa ile, jua likielekea kuzama, alikung'uta taulo ya mwisho akaitupia kapuni. Kesho yake angekwenda mwenyewe.

Wazo lilikuwa la mumewe, Chirau, mlinzi wa nyumba za kukodisha huko Galu. "Twende nasi tukaoge, tucheke, tule," alimwambia. "Wageni wanatoka ng'ambo kuja kuona kwetu, na sisi wenyewe hatukujui." Nahodha Shehe wa Shimoni, anayewachukua wageni wa hoteli, alikubali kuwapeleka siku ambayo boti yake imepumzika.

Nyumba yao ya Kinondo ilikihitaji kicheko. Miaka miwili nyuma Mwanaima alikuwa na pacha, Ikram na Zainabu, waliofanana hata sisi majirani tulikuwa tukiwaita kwa kubahatisha. Mama yao hakubahatisha. Ikram aliogopa maji, hata ya ndoo. Zainabu alipiga mbizi kabla hajajua kusoma, na alipokuwa akisukwa nywele alikuwa na tabia yake moja: alimshika mama yake kifundo cha mguu kwa vidole viwili, akakishikilia mpaka msuko uishe.

Homa ya siku tatu ikamchukua. Alikuwa na miaka saba, mapengo mawili mbele.

Mwanaima alimwosha kwa mikono yake mwenyewe, akamtia karafuu maiti, akasimama pale sanda ilipochanwa. Kwa hiyo alijua. Lakini ukimwuliza ana watoto wangapi, alijibu watatu, akimhesabu na Rai, kitindamimba wa miaka mitano. Nasi tuliendelea kumwita Mama Pacha, naye akaitika. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsahihisha. Nadhani hapo ndipo tulipomkosea sote.

*

Jumamosi ilianza vizuri mno. Huko Shimoni waliingia pangoni, Rai akapiga kelele ili asikie sauti yake ikirudi. Hanifa, dada yake Chirau, aliyekuwa amekuja na sufuria nzima ya wali wa nazi, akalalamika kwamba popo wamemnyea mtandio. Gatini walimkuta Nahodha Shehe akiwasubiri, mzee mkavu mwenye kofia ya kufuma iliyokwisha rangi.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mama. Na huyu anaitwa nani?"

"Ikram," Mwanaima akamwita mtoto aliyejificha nyuma yake.

"Labeka, mama." Sauti ndogo. Pacha wote wawili walifundishwa kuitikia hivyo, na Ikram hakuwahi kusahau hata kwa hofu.

Ilibidi Chirau ambebe kuingia botini. Alifumba macho safari nzima. Hakuwaona pomboo waliowafuata walipopita Wasini, wala Rai alivyokaribia kuanguka kwa kuwapungia mkono.

Kijamvi ni kipande cha mchanga mweupe chenye miti michache, mwamba mmoja upande wa mashariki, na chini ya mwamba kidimbwi cha maji safi kinachomfika mtoto kifuani. Mahali pa kuchezea watoto hasa. Ndiyo maana hoteli zote zinakisifia.

Lakini Nahodha Shehe hakuwaacha washuke.

"Kwanza hodi kwa wenyewe wa kisiwa," alisema. "Wageni wa hoteli huwapigia mimi, hao hawajui. Nyinyi ni watu wa hapa, mtapiga wenyewe. Mwanamke mwenye watu ndiye anayesema. Utasimama pale mwambani, useme mmekuja wangapi, na kwamba mtarudi wangapi. Basi."

"Nawe tukuhesabu?"

"Mimi wananijua."

Alimpa kichupa cha marashi, kisha akageuka akawapa mgongo, akatazama bahari. Ndiyo desturi: nahodha hasikilizi hodi ya watu wengine. Chirau na Hanifa walikuwa wakishusha masufuria upande wa pili. Mwanaima akatembea na Ikram mpaka mwambani, akanyunyiza marashi, akasema kwa haya kidogo, kama mtu anayeongea na mlango uliofungwa:

"Hodi wenyewe. Tumekuja mimi, na mume wangu, na wifi yangu, na wanangu watatu. Tumekuja sita, tutarudi sita."

Ikram akamvuta leso.

"Mama. Umemhesabu Zainabu."

  Mwanaima alikuwa na nafasi ya kusema samahani, ni watano, ulimi umeteleza. Kichupa bado kilikuwa mkononi, na ndani yake tone la marashi.

Hakusema. Na tusimwonee. Kwa miaka miwili hakuna mahali popote duniani palipomhesabu mtoto yule, si shuleni, si madrasani, si kwenye sinia la chakula. Leo amehesabiwa. Mwanaima aliuonja utamu wa jambo hilo, akaona ni utamu usiomdhuru mtu.

"Nyamaza, mwanangu," alisema. "Twende tukaoge."

Nyuma yao, ndani ya kidimbwi, kitu kikatumbukia.

Chubwi.

Waligeuka. Maji yalikuwa yametulia.

*

Wakati wa kula Hanifa alipakua sahani sita. Alipoiona ya sita haina mtu aliguna, akasema jua limempiga kichwani, akaurudisha wali sufuriani. Mwanaima aliona, akanyamaza tena.  Alisimama, akakaa, akasimama. Alikunja taulo ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari.

"Una nini leo?" Chirau aliuliza. "Kaa upumzike. Si ndiyo tulichokuja kufanya?"

Alikaa. Ikram alikuwa amelala kwenye mkeka kando yake, chini ya mti, ameipa bahari mgongo. Mwanaima akashusha pumzi. Upepo uliacha. Kutoka upande wa mwamba alimsikia Rai akicheka, kicheko cha tumboni ambacho nyumba yao haikuwa imekisikia kwa muda mrefu.

Baadaye Rai akaja mbio, amelowa, meno yanagongana.

"Mama! Dada amenifundisha kupiga mbizi!"

"Dada nani?"

"Dada!"

Mwanaima akaangalia mkekani. Ikram alikuwa amelala. Nywele zake zilikuwa kavu.

Alimkumbatia Rai ili amkaushe na taulo. Akamwinamia kichwani. Na pale, juu ya harufu ya chumvi na jua, akaisikia harufu nyingine. Aliijua. Ilikuwa imekaa viganjani mwake wiki nzima baada ya mazishi, hata alipokuwa akifua kwa dawa kali za hotelini.

Karafuu maiti.

"Chirau," alisema.  "Tuondoke."

*

Hakuna aliyembishia, maana jua lilikuwa limeshuka na Nahodha Shehe mwenyewe alishaanza kukusanya kamba. Walipanda. Nahodha akavuta uzi wa mashine, ikanguruma.

Boti haikwenda.

Nanga ilikuwa juu, kamba imekunjwa, na boti ilielea, haikugusa mchanga. Mashine ilisukuma, povu likatoka nyuma... na boti ikabaki pale pale. Nahodha aliongeza moto. Hakuna. Akazima. 

Alimtazama Mwanaima. Kisha, bila kunyoosha kidole, akawahesabu wote kwa macho.

"Mama," aliuliza polepole. "Ulisema wangapi?"

"Sita."

"Ninaona watano."

Chirau alimvuta Rai karibu. Alikuwa ameelewa kabla ya nahodha. Hanifa akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa kunong'ona.

"Nilimhesabu marehemu," Mwanaima alisema. "Ulimi ulizoea."

"Na ulipogundua?"

Hakujibu. Machozi yalijibu.

Nahodha Shehe hakumkaripia. Afadhali angemkaripia. "Uliahidi kurudi na sita," alisema. "Na wao wamekutimizia. Tazama."

Mtoto alikuwa amesimama kando ya mwamba, maji yakimfika magotini.

Alikuwa amejifunga kitambaa cheupe chini ya kwapa, kama watoto wanavyojifunga wakitoka kuoga. Angekuwa mtoto wa wageni, ungemwona na kumsahau. Lakini Mwanaima ni mtu wa nguo. Hata kwa umbali ule aliona kwamba kitambaa hakikuwa na pindo. Hakikukatwa kwa mkasi wala hakikushonwa. Kilichanwa kwa mkono.

Na mtoto alikuwa amekua. Hilo ndilo lililomvunja. Alikuwa na urefu wa Ikram, wa miaka tisa. Alipotabasamu, mapengo hayakuwapo. Meno yalikuwa yameota, mawili ya mbele, makubwa kidogo kama ya baba yake.

"Mama," aliita. "Mbona mmepanda kabla yangu?"

Chirau alimshika mkewe mkono. "Si yeye," alisema, na alikuwa akilia. "Mama Ikram, tulimzika. Si yeye."

"Sikiliza," Nahodha Shehe alimnong'oneza. "Hodi yako ndiyo inayotuzuia. Ukimpandisha huyu, boti itakwenda, lakini utakayeshuka naye Shimoni mimi simjui, na sitaki kumjua. Ukitaka kumwacha, urudi pale mwambani useme kweli. Useme watoto wako ni wangapi, na uwataje majina. Mara ya kwanza wanakuamini. Mara ya pili wanataka majina. Na useme akisikia."

"Akisikia?"

"Akisikia, mama."

Alishuka. Maji yalimfika kifuani, kisha kiunoni. Alisikia kitu kikitumbukia nyuma yake na sauti ya Chirau ikipiga kelele. Ilikuwa Ikram. Ikram aliyeogopa maji ya ndoo alikuwa amejirusha, anakohoa, anatapatapa na gauni lake la kijani, mpaka Mwanaima akamdaka mkono.

"Ni Zainabu," mtoto alisema huku akitetemeka. "Mama, ni Zainabu wangu."

Wakafika mwambani wakiwa wameshikana. Na yule mwingine akaja taratibu, akatia mkono wake katika mkono wa kushoto wa mama. Mwanaima alikuwa amejiandaa kwa ubaridi. Mkono ulikuwa na joto. Ulikuwa mkono wa mtoto, mwororo, wenye mchanga.

Kulia mmoja. Kushoto mmoja. Miaka miwili alikuwa hajasimama hivyo.

Alifumba macho, maana asingeweza kusema akiwatazama.

"Hodi wenyewe. Nilikosea. Tumekuja watano. Watoto wangu..."  Alijilazimisha. "Watoto wangu ni wawili."

"Na mimi je, mama?" sauti ya kushoto iliuliza.

"Ni Rai," alisema. "Rai, na..."

Alihema. Jina lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Lakini kulitaja la mmoja ni kulifuta la mwenzake, na mwenzake alikuwa amemshika kidole gumba.

"Rai, na..."

Wimbi likawapiga. Lilikuwa zito, lilitoka upande ambao hakukuwa na upepo. Likamwangusha magoti, likampitia kichwani, mchanga ukamjaa kinywani. Alipoinuka alikuwa ameshika mkono mmoja tu.

Hakuutazama. Aliukaza, akaburuta, akakimbia ndani ya maji akipiga kelele asizozijua, mpaka mikono ya Chirau ikawavuta wote wawili juu. Kwenye mbao za boti alilala mtoto mwenye gauni la kijani, akikohoa. Nyuma, kwenye mwamba, kilikuwepo kitambaa cheupe, kimenasa, kinainuka na kushuka na maji.

"Umetaja?" nahodha aliuliza.

"Nimetaja."

"Yote mawili?"

"Nimetaja, nahodha! Twende!"

Mashine ikanguruma. Boti ikaondoka kama vile haijawahi kukataa. Nahodha Shehe akawahesabu kwa macho, watano, akamshukuru Mungu, wala hakuuliza tena.

 Njiani Rai, aliyekuwa amejikunja karibu na dada yake ndani ya taulo moja, alimnong'oneza:

"Dada, utanifundisha tena kupiga mbizi?"

Mtoto alikuwa akiangalia maji. Macho yalikuwa wazi.

"Kesho," alisema.

Mwanaima alisikia. Alijiambia kwamba mkubwa humjibu mdogo lolote ili anyamaze. Alijiambia hivyo mpaka Shimoni, na kwenye tuktuk mpaka Kinondo.

*

Jumanne alasiri alikaa barazani na kitana na mafuta ya nazi, mtoto ameketi kwenye mkeka kati ya magoti yake. Siku tatu zilikuwa zimepita bila neno. Ikram alikwenda shule, alikula, alisali. Aliitikia jina lake. Kitu kimoja tu: alikuwa akioga muda mrefu, na mlango wa bafuni ukifunguliwa alitoka akitabasamu. Sote tulisema yule mtoto hofu imemtoka, ndiyo faida ya matembezi. Mimi mwenyewe nilisema hivyo, nikiwa nimeegemea ua wao.

Mwanaima aligawa nywele. Akasuka mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Upande mmoja ukaisha.

Ndipo vidole viwili vikamshika kifundo cha mguu.

Alisimamisha mkono.  Vidole havikubana, vilikaa tu, kama vilivyozoea.

Simu ikalia. Ilikuwa namba ya Nahodha Shehe.

"Mama," alisema, na upepo wa bahari ulikuwa ukipiga ndani ya simu. "Niko Kijamvi na wageni. Nakuuliza jambo, unijibu kweli. Siku ile ulitaja majina mawili?"

Hakujibu.

"Kuna mtoto juu ya mwamba. Si mimi peke yangu, wageni wanamwona, wanauliza ni wa nani. Amejifunga kitambaa cheupe. Ninamwita ashuke, hataki. Amekunja miguu, analia." Nahodha alisita. "Anaogopa maji, mama."

Jua lilikuwa limegusa vichwa vya minazi.

"Litaje jina," nahodha alisema. "Niambie upesi, niko mwambani, nitaiweka simu wazi ulitaje mwenyewe. Likizama jua hili sitaweza tena. Mama? Wa pili ni nani?"

Alijua. Naapa alijua. Lakini alitazama kisogo kilichokuwa mbele yake, na mistari iliyosukwa vizuri, na vidole viwili mguuni. Miaka miwili alikuwa ameviota vile vidole. Alisita. Kusita kwenyewe hakukuzidi pumzi moja.

Kisha alipiga ukelele uliotutoa sote majumbani:

"Ikram! Ikram!"

"Labeka, mama," alijibu mtoto aliyekuwa kati ya magoti yake.

Kwenye simu ulikuwepo upepo tu. Halafu sauti ya nahodha, ya chini kabisa. "Ameondoka. Sijui ameitika au amezama, sikuona. Nimepepesa tu. Mwamba ni mtupu."

Simu ikakatika. Kulikuwa bado na mwanga barazani, ule mwanga kidogo wa kabla ya adhana ya magharibi, na harufu ya mafuta ya nazi, na chini yake pengine harufu nyingine. Mwanaima hakuinama kuinusa.

"Geuka, mwanangu," alisema. "Geuka nikuone."

"Malizia kwanza, mama. Umebakisha upande mmoja."

Vidole havikuwa vimeachia. Mwanaima aliokota kitana, akagawa nywele mafungu matatu, akaendelea kusuka.